Kiwanja kiko sawa kwenye makaratasi ila moyo unasita, nisikilize kipi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi wodi ya watoto wachanga, niko Morogoro. Mimi na mume wangu tumekusanya hela miaka 6, yangu ya kikoba na yake ya kazini, tumefikisha milioni 14. Kuna kiwanja kimepatikana Mkundi, dalali tunafahamiana nae, kimepimwa, kopi ya hati tumeiona, na mwenyewe anataka hizohizo 14 wakati wenzake hapo jirani wanauza 20. Mume wangu yuko tayari kabisa, anataka tulipe Ijumaa kwasababu dalali kasema Jumamosi kuna mtu anakuja kutoka Dar na hela mkononi. Mimi moyo unasita na siwezi kueleza kwanini. Tulivyoenda kukiona mwenye kiwanja alikuja peke yake, mpole tu, dalali ndo anajibu kila kitu. Tena mama yangu kafariki mwezi wa tatu, alikuwa anatamani sana kuona nimejenga, kwahiyo kuna siku nasema bora tununue tu yaishe. Mume wangu anasema nyie wanawake mnatumia sana hisia, kwenye hela unatumia akili. Naomba unisaidie, nisikilize akili au moyo?

JIBU:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama, Mungu amlaze mahali pema. Ujumbe wako nimeusoma mara ya kwanza harakaharaka nikarudia taratibu, na kuna vitu umeviandika kama unapita tu ambavyo mi naona ndo swali lenyewe, ntavirudia huko mbele. Nianze na shemeji kwanza, kwasababu kwenye kazi yangu hii ya saikolojia hilo neno lake nalisikia sana, wanandoa wanakaa mbele yangu mmoja anasema mi natumia akili mwenzangu anatumia hisia, na ukiwasikiliza vizuri wote wawili wanasukumwa na hisia, ila mmoja hisia zake zimekuja na namba na sauti ya utulivu basi zinaitwa akili.

Shemeji naye anaogopa. Wewe unaogopa kutapeliwa, yeye anaogopa kukosa. Akikuambia kuna mtu wa Dar anakuja Jumamosi hapo hapigi hesabu, hapo roho iko juu, kwasababu angekuwa anapiga hesabu swali la kwanza lingekuwa hivi kiwanja cha milioni 20 kinauzwaje 14, na kwenye maelezo yako yote sioni aliyeuliza hilo. Simsemi vibaya na naomba usimsomee hii kwa kumkomoa, mwanaume aliyekaa na mke wake miaka 6 wanaweka hela pamoja bila kuigusa ni mwanaume wa kumshukuru Mungu, na hiyo haraka yake inatokana na kutaka familia yake ikae kwake. Lakini ni hisia, kama ya kwako, na mkianza kuiita akili mnaipa kura mbili.

Jinsi hiyo hofu ya kukosa inavyofanya kazi imechunguzwa sana. Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979 walieleza kwamba kupoteza kitu kunamuuma binadamu kuliko kupata kitu hichohicho kunavyomfurahisha. Jaribu kwa watu kazini kwako, waambie turushe sarafu, ikilala hivi nakupa elfu 10, ikilala vile unanipa elfu 10. Wengi watakataa, na utalazimika kupandisha ile ya kushinda mpaka kwenye elfu 20 hivi ndo waanze kukubali, yaani maumivu ya hasara yanakaribia kuwa mara mbili ya raha ya faida. Kahneman alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi hizo ingawa alikuwa mwanasaikolojia, mwenzake Tversky alikuwa ameshafariki. Sasa angalia dalali anavyolitumia hili bila kusoma popote. Kwanza anawapeleka mkakione, mnasimama pale, mnaanza kuonyeshana sebule itakaa huku, jiko litakaa kule, choo cha nje kule kwenye kona, mnarudi nyumbani kiwanja kichwani ni chenu tayari. Alafu ndo anamleta mtu wa Dar. Kuanzia hapo kutokununua hakuonekani tena kama kubaki na milioni 14 zenu mkononi, kunaonekana kama kunyang'anywa nyumba. Na huyo mtu wa Dar inawezekana yupo kweli, sikatai, nachosema ni kwamba awepo asiwepo kazi yake kwenye kichwa cha shemeji ameshaifanya.

Na hilo la wanawake kutumia sana hisia kwenye hela, naomba nilijibu kwa kifupi tu maana sio kiini cha swali. Kuna watafiti wawili, Brad Barber na Terrance Odean, mwaka 2001 walitoa utafiti wa familia zaidi ya 35,000 za Marekani zilizokuwa zinanunua na kuuza hisa, wakakuta wanaume wananunua na kuuza kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na hiyo pilikapilika ikawapunguzia faida kuliko ilivyowapunguzia wanawake. Sababu waliyoitoa ni kujiamini kupita kiasi. Kujiamini nako ni hisia, tena tamu sana, ndo maana mwenye nayo hajui kama anayo.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe, akili au moyo. Watu wengi wanadhani binadamu akiondolewa hisia zote akabaki na akili tupu ndo ataamua vizuri kuliko wote. Hilo bahati mbaya limeshatokea kwa watu wa kweli, na matokeo yake yanajulikana.

Daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, Antonio Damasio, alipokuwa anafanya kazi Iowa huko Marekani alipata mgonjwa ambaye kwenye maandishi alimwita Elliot ili kumficha. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mume mzuri, kazi nzuri, akapata uvimbe kwenye ubongo sehemu ya mbele juu ya macho, ukatolewa pamoja na nyama ya ubongo iliyokuwa imeharibika. Akapona. Wakampima akili, yuko vizuri tu, kumbukumbu ipo, hesabu zipo, lugha ipo, ukimuuliza jambo la maadili anakujibu vizuri kabisa. Lakini maisha yakaanza kumong'onyoka. Kazini anaweza kukaa mchana kutwa anafikiria mafaili ayapange kwa tarehe au kwa ukubwa au kwa aina ya kesi, kazi yenyewe haiendi. Akafukuzwa. Akaingia biashara na mtu ambaye marafiki wote walimwambia huyu hafai, akafilisika. Ndoa ikavunjika, akaoa tena, nayo ikavunjika. Na Damasio anasema kilichomshtua ni kwamba Elliot alikuwa anasimulia hayo yote kama anamsimulia mtu mwingine, hana huzuni, hana hasira, hana hata kero. Wakamuonyesha picha za nyumba zinaungua, watu wanazama majini, akasema anajua kwamba zamani angeumia akiziona, sasa hivi hasikii chochote.

Kuna mgonjwa mwingine wa aina hiyohiyo, huyu ndo huwa namsimulia sana. Damasio alimpa tarehe mbili za kurudi kliniki achague moja, zimepishana siku chache tu. Yule mtu akatoa daftari lake la miadi akaanza, tarehe hii nina kile, ile iko karibu na safari fulani, siku hiyo hali ya hewa inaweza kuwa hivi, akaendelea karibu nusu saa nzima anapima sababu za huku na huku, zote ni sababu za maana. Mwishowe Damasio akamwambia kwa upole njoo ile ya pili. Akasema sawa, akafunga daftari akaondoka. Yaani akili yake ilikuwa nzima kabisa lakini ndani hakuna kitu cha kumwambia hii ndo yenye uzito, zote zilikuwa zinalingana.

Kwahiyo ukisikia mtu anasema weka hisia pembeni, mwambie zikiwekwa pembeni kweli huwezi hata kuchagua siku ya kwenda hospitali. Akili inaorodhesha na kulinganisha, ila kinachosema hiki kina maana kwangu kuliko kile, hicho kinatoka kwenye hisia.

Timu hiyohiyo, Antoine Bechara na wenzake, wakatengeneza mchezo wa karata. Mafungu manne mezani, unapewa dola 2,000 za kuchezea tu, unafunua karata moja moja. Mafungu mawili kila karata inakupa 100 ila katikati yanakuja makato makubwa, ukijumlisha karata 10 unakuta umepoteza 250. Mawili mengine yanatoa 50 tu ila makato madogo, karata 10 unabaki na faida ya 250. Mchezaji haambiwi. Wakamfunga mkononi waya za kupima jasho la ngozi. Watu wenye afya nzuri, baada ya kufunua karata chache ngozi ikaanza kutoa jasho kila mkono unapoelekea yale mafungu mabaya, na wakati huo ukimuuliza anakwambia sijui bado, sijaelewa mchezo. Wanakuja kuweza kueleza baadae sana. Wale wenye tatizo la ubongo kama Elliot hawakutoa hilo jasho kabisa, na wengine walifika mahali wakaweza kueleza fungu lipi ni baya na bado wakaendelea kulifunua! Niseme ukweli pia kwamba utafiti huo umepingwa, mwaka 2004 watafiti wengine walirudia wakiwauliza wachezaji maswali ya kina zaidi, wakakuta wanajua mengi mapema kuliko ilivyodhaniwa. Kwahiyo usinichukulie kwamba mwili una siri ambazo akili haina. Ninachokichukua mimi hapo ni kidogo tu, kwamba mtu anaweza kuanza kusita kabla hajaweza kujieleza, na huko kusita kukawa kumetokana na vitu alivyoviona kwa macho yake.

Lakini pia anaweza kusita bila sababu yoyote, au kwa sababu isiyohusiana kabisa na kiwanja. Hapa ndo pagumu na hapa ndo napenda tukae.

Mdogo wangu kwenye ujumbe wako kuna hisia mbili zinavutana, moja inasema usinunue na nyingine inasema nunua yaishe, na hiyo ya pili umeitaja pamoja na mama. Nataka nikuambie kitu kuhusu huzuni na manunuzi. Jennifer Lerner na wenzake mwaka 2004 waliwaonyesha watu vipande vya filamu, wengine cha kuhuzunisha, wengine cha kawaida tu, alafu baada ya hapo, kwenye kazi iliyoonekana haihusiani, wakawaambia wataje bei ya kununua au kuuza kitu kidogo cha kawaida, seti ya kalamu za kupaka rangi maandishi. Waliotoka kuhuzunika wakawa tayari kulipa zaidi kununua, na waliokuwa nayo wakawa tayari kuiuza kwa bei ya chini. Maelezo yao ni kwamba huzuni inamfanya mtu atake mabadiliko, hali aliyonayo haitaki tena, chochote kipya kinaonekana kama nafuu. Hiyo ilikuwa filamu ya dakika chache. Wewe umefiwa na mama. Hiyo "tununue tu yaishe" naiheshimu sana, ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake, lakini haijui chochote kuhusu hicho kiwanja. Ingekuja hivyohivyo hata kama kiwanja kingekuwa Kihonda au Dodoma au kwenye mkondo wa maji. Mama alitamani ujenge, hakutamani ulipe Ijumaa.

Kwahiyo kipimo cha kwanza nachokupa ni hicho, hisia hii imetokana na kitu chenyewe au umekuja nayo kutoka kwingine? Ungekuwa umelala vizuri, hujafiwa, hujagombana na mtu, ungeisikia? Kuna utafiti wa zamani wa Norbert Schwarz na Gerald Clore, 1983, waliwapigia watu simu siku za jua na siku za mvua kuwauliza wameridhika kiasi gani na maisha, wa siku ya jua wakajibu vizuri zaidi, ila waliotangulia kuulizwa hali ya hewa huko kwenu ikoje hiyo tofauti ikapotea. Matokeo ya hivyo hayajitokezi kila mara ukirudia, lakini kwa watu ninaokaa nao naliona sana, mtu akishasema kwa mdomo wake "hii ni ya msiba" inalegea kidogo, anaanza kuona kitu chenyewe.

Sasa ile ya kusita. Wewe ni nesi wa watoto wachanga, na hapa umenigusa kwasababu kuna utafiti juu ya watu wa kazi yako hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Beth Crandall na mwenzake walikaa na manesi wa Marekani wanaohudumia watoto njiti, manesi wazoefu waliokuwa wanajua mtoto ameanza kupata maambukizi kwenye damu kabla majibu ya maabara hayajarudi. Ukimuuliza umejuaje anasema nimemuangalia tu nikajua. Wakawahoji mmoja mmoja taratibu, kisa baada ya kisa, ulimuona ukamuona nini, rangi ikoje, tumbo likoje, akiguswa anafanyaje, ikapatikana orodha ndefu ya dalili, na nyingine hazikuwemo kwenye vitabu vya wakati huo. Nina uhakika na wewe unalijua hili, ukipokea zamu unapita kwenye vitanda unasimama kwa mmoja, saturesheni, yaani oksijeni kwenye damu, nzuri, joto zuri, na bado unamwita daktari.

Kwahiyo kusita kwako kazini ni kwa kuamini, kwasababu umeona watoto wengi na kila mara unakuja kujua haraka kama ulikuwa sahihi. Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka mingi walikuwa kambi mbili tofauti kwenye hili suala, waliandika pamoja mwaka 2009 wakakubaliana hapohapo: moyo wa mtu unaaminika pale ambapo mambo yenyewe yana mpangilio unaojirudia na mtu amepata muda wa kutosha wa kujaribu na kupata majibu ya haraka na ya wazi. Na wakasisitiza kwamba ukali wa hisia, ule uhakika wa ndani, haukuambii kama ni sahihi.

Viwanja umenunua vingapi? Hata kimoja, si ndio? Basi kwenye viwanja moyo wako bado haujasoma. Na kama unasema mi naangalia watu, yule baba alikuwa mpole sana ananificha kitu, hapo pia punguza, kwasababu Charles Bond na Bella DePaulo mwaka 2006 walijumlisha tafiti nyingi zenye wasikilizaji zaidi ya 24,000 waliopewa kazi ya kutambua anayedanganya na anayesema kweli, wastani wa kupatia ukawa asilimia 54. Ukirusha shilingi unapata 50. Mtu mpole anaweza kuwa na aibu, anaweza kuwa amefiwa, anaweza kuwa anauza kwa shida na hataki watu wajue.

Utaniuliza sasa dada umeniacha wapi, shemeji umemkatalia na mimi umenikatalia. Sijakukatalia. Huo moyo uuulize maswali kama Crandall alivyowauliza wale manesi, uliona nini. Na wewe mwenyewe bila kujua umeshanijibu kwenye ujumbe wako, hebu turudi nao.

Bei. Mna milioni 14 na kiwanja ni milioni 14. Dalali mnafahamiana nae. Je alijua mna kiasi gani kabla hajawatajia bei? Fikiria vizuri, shemeji aliwahi kumwambia tukifika kiasi fulani tutafutie? Kama alijua basi hiyo bei inaweza kuwa imeshonwa kwa vipimo vyenu. Kama hakujua, basi ni bahati, ila bado kuna shimo la milioni 6 kati yake na jirani ambalo lazima mtu alieleze, na muuzaji wa halali mwenye shida huwa analieleza bila aibu, ada ya mtoto, matibabu, mkopo.

Kopi. Umesema mmeona kopi ya hati. Sio hati. Kopi inatolewa stationery yoyote.

Amekuja peke yake. Ana mke? Yuko wapi, anajua? Kwenye nyumba ya ndoa sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze bila ridhaa ya mwenzake, na hata kiwanja kitupu wakili makini atataka kuona ridhaa ya mwenza kwa maandishi, kwasababu kesi za mke kuibuka baadae zinajaza mabaraza ya ardhi.

Dalali anajibu kila kitu. Dalali analipwa mkiuziana, hana hasara yoyote mkiuziwa mbovu.

Na Ijumaa. Hili la Ijumaa ndo lilinishtua kuliko yote. Ukilipa Ijumaa jioni maana yake umelipa ofisi ya ardhi imefungwa, mahakama imefungwa, wakili kaenda nyumbani, mpaka Jumatatu asubuhi hakuna pa kuuliza. Sisemi ndo wamepanga hivyo, nasema ndivyo itakavyokuwa.

Unaona sasa? Ulisema huwezi kueleza kwanini unasita, kumbe sababu zilikuwepo tano na umeziandika kwa mkono wako. Na kila moja inaweza kuthibitika au kuanguka bila kutumia moyo wa mtu yeyote, wako wala wa shemeji. Nendeni ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja na kitalu mfanye search rasmi, ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na milioni 14, itawaambia jina lililosajiliwa ni la nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake au zuio la mahakama. Ombeni kuona hati yenyewe halisi na kitambulisho cha mwenye jina. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, sio yule mtakayepelekwa na dalali, nendeni wenyewe, alafu gongeni kwa majirani wawili watatu muulize hiki kiwanja ni cha nani, jirani huwa anajua. Tafuteni wakili wenu, asiwe wa dalali. Hela ipite benki kwenda kwenye akaunti ya jina lililoko kwenye hati.

Kuna jambo moja naomba sana ulifanye kabla ya kwenda huko. Kaeni mkubaliane mapema majibu gani yatawafanya mnunue na yapi yatawafanya muache, muandike kwenye karatasi. Benjamin Franklin aliwahi kumuandikia rafiki yake Joseph Priestley mwaka 1772 akamueleza anavyoamua mambo magumu, anagawa karatasi katikati kwa mstari, huku za kukubali huku za kukataa, na anaiacha siku tatu nne anaongeza sababu kila zinavyomjia kwa nyakati tofauti, kwasababu hazimjii zote kwa pamoja, leo zinakuja hizi zile hazionekani, kesho kinyume chake. Alafu anazipima uzito anakata zinazolingana. Mi napendea hapo kwenye siku tatu nne, kwasababu karatasi iliyojazwa usiku mmoja inajazwa na hisia ya usiku huo.

Na kwanini muandike mapema? Kwasababu yako wewe. Shemeji akikubali kusubiri, mkaenda kote huko, jina likakutwa ni la muuzaji, mke wake akaja akasaini, hati halisi ikaonekana, majirani wakasema ni cha huyu baba tangu zamani, bei wakili akasema inaelezeka, hapo moyo wako unaweza kuwa bado unasita. Usishangae. Milioni 14 za miaka 6 zikitoka kwa siku moja mtu yeyote tumbo litamcheza. Kama mmeandika mapema na majibu yamekuja mazuri, nunueni. Usianze kutafuta sababu ya sita, maana ukiupa moyo ruhusa ya kukataa hata baada ya majibu yote mazuri utakuwa unafanya kilekile ambacho shemeji anafanya, ila kwa upande mwingine. Na yeye akubali hivyohivyo, jina likikutwa sio la muuzaji hakuna cha bei nzuri wala mtu wa Dar.

Kuongea nae, usimwambie tena moyo unasita, hilo ameshalikataa na mkirudia mtagombania wanawake na wanaume, kiwanja mtakisahau. Mpe yale matano, moja moja, na uyaulize kama maswali yenu wote wawili. Usiongee nae mbele ya dalali hata kwa ishara, na usiongee usiku mmechoka wote mmetoka kazini. Mwanaume anayejivunia kutumia akili ukimwambia "baba nanihii, hii 14 na 20 tuielezeje" atakaa chini apige hesabu, tena atafurahi umemuuliza yeye. Na la mama mwambie pia, peke yake, siku nyingine, usilichanganye na kiwanja. Inawezekana hajui kwamba kuna siku unataka kununua kwa ajili ya mama.

Dalali mpigieni leo mumwambie tunakitaka na tuko serious, tunafanya search Jumatatu, majibu yakirudi mazuri tunalipa wiki hiyohiyo kwa wakili. Akisema mtu wa Dar hawezi kusubiri, mwambieni amuuzie.